Kumtoa Mtoto Mchanga Nje Wakati wa Baridi ya Mbeya

Mama anayejifungua Mbeya kati ya Mei na Agosti hupewa mashauri mengi kuhusu siku ya kumtoa mtoto nje, na karibu yote huanza na hesabu: kitovu kimedondoka, siku saba zimetimia, arobaini imefika. Mimi nilijifungua katika miezi hiyo nikiwa ninaishi Uyole, na nimekuja kuamini kwamba hesabu ya siku, pamoja na heshima yake yote, haistahili kutangulia. Kinachotangulia ni baridi ya saa hiyo, wingi wa watu mahali mnapokwenda, na nguvu za mama anayembeba. Ninawaandikia hasa wazazi wa Mbeya, Iringa, Njombe na Makete, kwa sababu ushauri mwingi unaotufikia kwa simu kutoka kwa ndugu zetu wa Dar es Salaam na Tanga umezaliwa kwenye joto, na ukifika huku kwetu unahitaji kupimwa upya.

Sina ugomvi na arobaini. Kwa Waislamu na kwa Wakristo, mijini na vijijini, siku hizo humpa mama mzazi ruhusa ambayo vinginevyo asingeipata: anapikiwa uji na supu, anakandwa kwa maji ya moto, haruhusiwi kushika jembe wala kujitwisha ndoo, na hakuna anayemwita mvivu. Kwa mtoto, arobaini humweka mbali na misongamano katika wiki ambazo mwili wake haujawa na kinga ya kutosha. Inapendeza pia kuona kwamba wataalamu wa afya hawako mbali na wazee wetu, kwa kuwa wao huhesabu wiki sita, yaani siku 42, kuwa kipindi cha uangalizi wa mama baada ya kujifungua. Wiki hiyo ya sita ndipo mtoto anapopata dozi ya kwanza ya chanjo ya kumkinga dhidi ya dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na baadhi ya aina za homa ya uti wa mgongo, pamoja na chanjo za polio, nimonia na kuhara. Dozi nyingine hufuata wiki ya 10 na ya 14. Kwa maneno mengine, arobaini ikiisha ngao ya mtoto ndiyo kwanza inaanza kujengwa, na familia inayomchukua siku inayofuata kwenda kwenye mkusanyiko mkubwa kwa kuwa tu hesabu imetimia imeifuata desturi lakini imeliacha kusudi lake.

Shida kubwa zaidi huanza pale arobaini inapogeuzwa kufuli. Mama na mtoto wanatakiwa kuonwa tena na mhudumu wa afya ndani ya wiki ya kwanza, hata kama wote wawili wanaonekana wazima. Huko huangaliwa kitovu, uzito, jinsi mtoto anavyonyonya na rangi ya ngozi yake. Mama naye hupimwa presha, huulizwa kuhusu damu inayomtoka, na huangaliwa mishono au kidonda cha upasuaji. Mtoto wa siku tano ambaye viganja na nyayo zake zimekuwa za manjano hawezi kusubiri arobaini. Vivyo hivyo mtoto aliyeacha kunyonya, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, ambaye kifua chake kinabonyea ndani anapovuta pumzi, aliyepata degedege, au ambaye mwili umepata homa au umepoa isivyo kawaida. Huyo anatoka nyumbani saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane na nje kuna ukungu, na hakuna desturi ya kabila lolote la nyanda hizi inayopaswa kumzuia.

Tena tukumbuke kwamba safari ya kwanza kabisa ya mtoto mbele ya watu ni ile ya kutoka wodini kurudi nyumbani. Ndugu huja wengi, wamebeba chupa ya chai na kanga mpya, lakini usafiri haujapangwa, na mama anajikuta amesimama kando ya barabara upepo ukimpiga huku watu wakijadiliana bei na dereva wa bajaji. Ningependa kila familia imteue mtu mmoja ambaye kazi yake siku hiyo ni usafiri tu, na mwingine awe na mfuko wenye kofia, soksi, sweta, blanketi na nepi kavu za kutosha. Kama mtoto hakupata chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio kabla ya kuruhusiwa, iulizwe palepale ni siku gani arudishwe. Swali hilo lina maana yake: chupa ya chanjo ya kifua kikuu kwa kawaida ina dozi 20, na ikishachanganywa inatakiwa kutumika ndani ya saa 6, kwa hiyo vituo vingi huwakusanya watoto siku maalumu ili dawa isimwagwe. Mama asiyelijua hilo husafiri na kichanga asubuhi ya baridi, akaambiwa arudi siku nyingine.

Sasa niseme juu ya baridi yenyewe, maana hapo ndipo wazazi wengi, kwa upendo kabisa, wanapokosea pande zote mbili. Jiji la Mbeya liko mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Njombe na Makete baridi ni kali zaidi. Huko kwenye uwanda wa juu wa Kitulo majani huamka yamefunikwa barafu nyembamba. Mtu mzima akishikwa na baridi hutetemeka, na kutetemeka huko kunaupasha mwili joto. Mtoto mchanga hawezi kutetemeka hivyo. Anategemea mafuta maalumu yaliyohifadhiwa shingoni, katikati ya mabega na kuzunguka figo, ambayo mwili wake huyaunguza ili kupata joto, na kazi hiyo hutumia sukari na hewa ya oksijeni nyingi. Kwa kuwa ngozi yake ni kubwa ikilinganishwa na uzito wake, na kichwa ni sehemu kubwa ya mwili huo, joto humtoka upesi. Akipoa hulegea na kusinzia, akisinzia hanyonyi, asiponyonya hana cha kuunguza, na hivyo hupoa zaidi. Watu hudhani ametulia kwa sababu ni mtoto mpole.

Joto la kawaida la mtoto mchanga ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Si kila nyumba ina kipimajoto, lakini kila mama ana mkono. Mguse tumboni au mgongoni chini ya nguo, kwa sababu viganja na nyayo hupoa hata kwa mtoto mwenye afya. Tumbo likiwa la uvuguvugu mzuri lakini miguu ni ya baridi, mwongeze soksi au umsogeze kifuani. Tumbo lenyewe likiwa la baridi, rudi ndani, mvue, mlaze ngozi kwa ngozi kifuani mwako akiwa na kofia na nepi kavu, mjifunike pamoja na umnyonyeshe. Asipopata joto upesi, mpeleke kituoni huku akiwa bado kifuani.

Upande wa pili wa kosa hilo ni kumfunika kupita kiasi. Huku kwetu ni jambo la kawaida kumwona mama mzazi amempakata mtoto ndani ya mablanketi mawili na shali, uso wote umezibwa, ili upepo usimpate. Upepo wa dakika mbili hautamdhuru mtoto aliyevaa vizuri kiasi ambacho blanketi zito juu ya pua linaweza kumdhuru. Avae nguo moja zaidi ya ile inayokutosha wewe, kofia ikiwa mko nje, na uso ubaki wazi wakati wote. Ukiona jasho shingoni, wekundu usoni na pumzi za haraka, punguza nguo. Na nepi ikilowa ibadilishwe hata kama ni ndani ya daladala, kwa kuwa nguo mbichi humnyang'anya joto kuliko hewa yenyewe.

Kuhusu kumbeba, sijaona njia bora kuliko ile ambayo wauguzi wetu huiita kangaruu. Ilianzia Bogotá, nchini Kolombia, mwaka 1978, pale Dokta Edgar Rey Sanabria alipokosa mashine za kutosha za kuwahifadhi watoto waliozaliwa kabla ya wakati, akaamua kuwalaza vifuani mwa mama zao. Mtoto aliyezaliwa kwa wakati naye hunufaika. Mbeleko ikifungwa vizuri, mtoto akakaa wima katikati ya kifua, sweta la mama likafungwa juu yake, kidevu kikiwa hakijaegemea kifua chake na uso ukionekana, anaweza kuvuka Uyole saa yoyote ya mchana bila kupoa, na mama anasikia kila pumzi yake. Mgongoni ataingia shingo itakapokaza, miezi mitatu hivi au zaidi. Bibi wengi hupenda kumpandisha mgongoni mapema kwa sababu ndivyo walivyofanya, na ni vyema kuwaomba kwa adabu wasubiri: "Mama, tumpe muda kidogo, shingo bado laini."

Jambo ambalo ningelipigia kelele nyumba kwa nyumba ni jiko la mkaa. Mmerudi kutoka kliniki, mtoto amepigwa na upepo, na mtu mwenye huruma analeta jiko chumbani na kufunga madirisha. Mkaa uliokolea, usio na moshi, ndio unaodanganya, kwa sababu gesi yake ya sumu, monoksidi ya kaboni, haina rangi wala harufu. Huingia kwenye damu ikachukua nafasi ya oksijeni, na watu hulala wasiamke. Kifua cha mama kina joto la kutosha. Chumba kikiwa cha baridi sana, maji ya moto kwenye chupa iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa yapashe kitanda kabla mtoto hajalazwa, kisha chupa iondolewe.

Tukirudi kwenye kutoka, saa nzuri Mbeya ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, jua likiwa limeshaikausha asubuhi na upepo wa jioni haujaanza kushuka kutoka mlima Loleza. Hapo ndipo ninapokuwa na malalamiko. Kwenye vituo vingi mama hujifunza kwamba asipofika saa moja hatapata namba ya mbele, kwa hiyo wanawake wenye vichanga hutoka nyumbani gizani, wakapanga foleni kwenye benchi la barazani, ambako sakafu ni saruji na ukuta uko upande mmoja. Nimekaa kwenye benchi la namna hiyo Julai, nikiwa na mishono ambayo haijapona, na niliowaona pembeni yangu walikuwa na watoto wadogo kuliko wangu. Sisemi kwamba wauguzi hawajali. Muuguzi mmoja anahudumia watu wengi mno. Lakini mabadiliko ninayoyaomba hayahitaji bajeti mpya: katika miezi ya baridi, watoto walio chini ya wiki sita wapangiwe kuanzia saa nne, waingizwe ndani moja kwa moja, na kupimwa uzito kuanze na wao, kwa sababu mzani unamtaka mtoto avuliwe. Ukienda na mwenzi wako, mmoja anaweza kushika foleni na mwingine akakaa na mtoto mahali pasipo upepo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa baba siku 3 za likizo ya malipo, zitumike ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe, na sijui matumizi bora ya siku moja kati ya hizo kuliko kuwasindikiza mama na mtoto kwenye hudhurio la wiki ya kwanza.

Ndani ya daladala, watu wa Mbeya wananipa fahari. Konda akimwona mama mzazi hupaza sauti, "Mpisheni mama mwenye kichanga akae," na kijana ananyanyuka bila kunung'unika, dirisha linafungwa, mama wa makamo anauliza jina la mtoto na kumpenyezea mama noti mkononi, hela ya sabuni, ingawa hawajuani. Ukimpa mtoto ziwa ukiwa umejitanda kanga hakuna atakayekukodolea macho. Ukarimu huo huo, hata hivyo, ndio unaozaa mtihani mgumu kuliko baridi, kwa kuwa kila mtu anataka kumpakata na kumbusu. Mafua ambayo kwa mtu mzima ni kero tu yanaweza kumziba pumzi mtoto wa wiki mbili. Kikohozi cha muda mrefu cha mtu mzima kinaweza kuwa kifaduro au kifua kikuu. Virusi vinavyoleta malengelenge midomoni mwa mtu mzima, vikiingia kwa mtoto mchanga kwa busu moja, vinaweza kumuua.

Kumnyima mtu mtoto huku kwetu ni kama kumkataa yeye mwenyewe, kwa hiyo ukali hausaidii. Mimi hutumia jina la nesi: "Shikamoo bibi. Nesi ametuambia asipakatwe na watu mpaka achanjwe, lakini karibu umwone." Kisha ninafungua shali kidogo ili amwangalie. Anayesisitiza ninampa mguu wa mtoto uliovaa soksi aushike. Nyumbani, beseni la maji na sabuni likiwa mlangoni, mgeni hunawa bila kuambiwa. Wazee wanaoogopa jicho baya humficha mtoto asionwe na kila mpita njia, na nesi anayeogopa vijidudu husema asiguswe na kila mpita njia. Ukiwasikiliza wote wawili utaona wanakuelekeza mahali pamoja, nami sioni sababu ya kubishana na bibi kuhusu sababu zake wakati tendo lake linamlinda mtoto.

Kanisani ndipo wengi wetu tunapotamani kwenda kwanza, kutoa shukrani. Ninaielewa hamu hiyo, na kwa mama aliyepita katika uchungu mzito siwezi kumwambia asubiri miezi. Ila ibada ya Jumapili ina watu mamia waliobanana kwa saa mbili au zaidi na madirisha yamefungwa kwa baridi. Mwombe mchungaji au katekista sala fupi nyumbani au siku ya katikati ya wiki, na shukrani ya hadharani ifuate baada ya chanjo ya wiki ya sita. Mkikaa, kaeni karibu na mlango. Soko la Mwanjelwa halina mtu wa kumlazimisha mtoto mchanga kulitembelea. Nyanya na ndizi zinaweza kuagizwa kwa jirani. Maonyesho ya Nane Nane kwenye viwanja vya John Mwakangale yana vumbi, vipaza sauti na umati, na mtoto aliyezaliwa Juni au Julai hayahitaji mwaka huo.

Pamoja na tahadhari zote hizo, sitaki mtu asome haya akaenda kumfungia mama ndani. Kuna huzuni inayowapata baadhi ya wanawake baada ya kujifungua, na kukaa chumba kimoja chenye giza, mapazia yameshushwa kwa ajili ya baridi, huizidisha. Sheria ile ile ya ajira inampa mama aliyeajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, na 100 akizaa watoto zaidi ya mmoja kwa mara moja. Mama muuza mboga hana hata hizo. Yeyote kati yao anahitaji kuliona jua. Matembezi yangu ya kwanza yaliyonirudishia nguvu hayakwenda popote: yalikuwa kukaa uani mchana, mtoto kifuani, jirani akichambua maharage pembeni na kunisimulia habari za mtaani. Mama akianza kulia kila siku, kukosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, au kujisikia hana haja na mtoto, hilo nalo ni la kupeleka kliniki, na ndugu asimwambie tu ajikaze.

Imebaki safari ambayo familia nyingi za huku huwa nayo akilini, ya kumpeleka mtoto kwa bibi na babu Kyela. Kama hakuna dharura, isubiri chanjo ya wiki ya sita, na mishono ya mama ipone, maana kukaa kwenye basi kwa saa kadhaa si mchezo. Barabara kutoka Uyole inapanda kwanza kuelekea Isyonje kwenye ukungu, kisha inateremka Kiwira na Tukuyu hadi kando ya Ziwa Nyasa, ambalo uso wake hauko hata mita 500 juu ya usawa wa bahari. Mtoto aliyevishwa kwa ajili ya Isyonje atakuwa anaungua kabla hamjafika, kwa hiyo mvalishe nguo za kuvua moja moja, na umguse tumbo kila gari linaposimama. Mnyonyeshe mnapoteremka, kwa sababu kumeza hufungua masikio yake yanapobanwa na mabadiliko ya mgandamizo wa hewa. Akikataa ziwa mara mbili mfululizo na akalegea, shukeni Tukuyu mumpeleke Hospitali ya Makandana, na babu apigiwe simu kwamba mtachelewa. Kyela kuna mbu na malaria kuliko Mbeya. Chandarua chenye dawa ulichopewa kliniki ya wajawazito kiwekwe kwenye begi kabla ya zawadi, kifungwe juu ya kitanda cha wageni kabla jua halijazama, na sweta zote zibaki kwenye begi hadi siku ya kupanda kurudi.